Utupa wa bibi na mdudu aitwaye Scania

Leo naanza kwa kukiri kosa.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimeingia kwenye kazi hii ya kalamu, niliandika makala kuhusu dawa za asili za kuhifadhi nafaka. Nilikuwa nimetoka likizo nyumbani Songea, kichwa kimejaa fahari ya mambo ya kwetu. Nikaandika kwamba mababu zetu walikuwa na majani ya kumaliza wadudu ghalani, kwamba mmea uitwao utupa unatosha kabisa, na kwamba dawa za dukani ni ujanja wa kutumalizia pesa. Makala ilipendeza. Wenzangu ofisini waliisifu. Baba yangu mdogo, ambaye analima kijijini, barabara ya kwenda Namtumbo, alipelekewa gazeti lile akaisifu kuliko wote.

Tatizo ni kwamba aliiamini.

Mwaka ule hakununua dawa. Akavuna, akapukuchua, akatwanga majani ya utupa, akachanganya kwenye magunia kumi na mawili, akafunga na kusubiri bei ipande. Alipofungua mwezi Januari alikuta vumbi. Sisemi punje zenye matundu. Nasema vumbi, unga mtupu unaotiririka kutoka kwenye gunia. Magunia saba yalikuwa yamekwisha. Humo ndimo ilimokuwa ada ya mdogo wangu, mtoto wake wa pili, aliyekuwa anaingia kidato cha tatu.

Hakunigombeza. Alinipigia simu akaniambia hivi tu: "Mwandishi, makala yako imeliwa."

Nilipokwenda nyumbani kuomba radhi nilimkuta bibi uani anachambua mboga. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Bibi akacheka hadi akaweka ungo chini. "Sasa mume wangu, nani alikwambia utupa ni wa mahindi? Utupa ni wa maharage."

Nikabaki mdomo wazi. Nilikuwa nimeandika maneno zaidi ya mia nane kuhusu hekima ya wazee bila kumuuliza mzee hata mmoja swali moja la maana. Nilikuwa nimesikia neno "utupa", nikaona majani, nikakimbilia kuandika. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza, nikisoma, nikiuliza tena. Haya ninayokuletea leo ndiyo makala niliyopaswa kuandika wakati ule.

Hebu tuanze na mambo aliyonieleza bibi. Katika ujana wake, nyumba haikuwa na "dawa ya nafaka" moja. Kila zao lilikuwa na namna yake. Mahindi hayakupukuchuliwa yote kwa mpigo. Yale mazuri, yenye maganda yaliyofunika gunzi hadi nchani, yalifungwa na kuwekwa darini juu ya jiko, yapate moshi na joto kila siku. Mengine yaliwekwa kwenye kihenge. Maharage yalichanganywa na majivu yaliyochekechwa, au majani ya utupa yaliyokaushwa kivulini na kutwangwa. Mbegu ya mwaka ujao ilikaa mahali penye moshi mwingi kuliko chakula. Na ulezi? Bibi akanyanyua mabega. Ulezi hauhitaji kitu, alisema. Ulezi unakaa.

Ukiyapeleka maneno haya kwa mtaalamu wa wadudu, hatacheka. Majivu laini hujaza nafasi kati ya punje, mdudu akashindwa kupita kumtafuta mwenzake, na pia hukwangua ule utando wa nta unaozuia maji yasitoke mwilini mwake, akakauka na kufa. Moshi na joto la jiko hukausha mahindi, na fukusi, yule mdudu mdogo mwenye mdomo kama mkonga wa tembo, huzaliana kwa shida kwenye punje kavu. Maganda yanayofunika vizuri humzuia kuanza kushambulia tangu shambani. Ulezi nao una punje ndogo mno. Mdudu anayehitaji punje moja imtoshe kulea mtoto wake hapati nyumba humo. Ndiyo maana ulezi huweza kukaa miaka bila kuharibika.

Kwa hiyo jani lilikuwa sehemu ndogo tu ya mpango mzima. Mbegu, maganda, jiko, moshi, kihenge na ulezi wa akiba vyote vilifanya kazi pamoja. Naomba ulishike hilo, maana ndilo ninalotaka kulisema leo.

Kwa watu wa Ungoni, ghala si jambo la mchezo. Wangoni waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba walifika huku baadaye katika karne ile, na walipotulia wakajenga maisha yao juu ya nafaka zilizojaa kihenge. Wajerumani walilijua hilo. Wakati wa Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, walipoona risasi peke yake haimalizi kazi, walichoma vijiji, mashamba na maghala. Songea inawakumbuka kila tarehe 27 Februari viongozi walionyongwa siku hiyo mwaka 1906, na makumbusho yetu pale mjini yanawaenzi. Lakini kitanzi hakikuua wengi kama njaa. Makadirio ya waliokufa katika vita vile nchi nzima yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000, na sehemu kubwa waliuawa na njaa iliyofuata baada ya nafaka kuteketezwa. Anayeshika ghala lako ameshika roho yako. Huo si msemo wa wahenga. Ni mimi nasema, baada ya kusoma historia ya kwetu.

Sasa turuke hadi miaka ya 1930, twende Amani, milima ya Usambara, mkoani Tanga. Huko Wajerumani walikuwa wamejenga kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na Waingereza wakakirithi. Mkemia mmoja wa kituo hicho, R. R. Worsley, alichapisha mwaka 1934 utafiti kuhusu uwezo wa mimea ya Afrika Mashariki kuua wadudu. Mmea wa kwanza kuandikia? Utupa. Tephrosia vogelii, kwa jina lake la kisayansi.

Kwa nini utupa? Kwa sababu wenyeji wengi wa bara hili walikuwa wanautumia kuvua samaki. Unatwanga majani, unamwaga mtoni, samaki wanalewa na kuelea. Sumu yake ni ya jamii ya rotenone, ambayo huzuia seli za kiumbe zisitumie hewa kutengeneza nguvu. Inayomlewesha samaki ndiyo inayomuua mdudu. (Leo uvuvi wa sumu umekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na ni haki ukatazwe, maana hauchagui kati ya samaki mkubwa na kifaranga.)

Kumbe basi elimu ya bibi ilishafika maabara kabla bibi mwenyewe hajaolewa! Ilikuwaje ikapotea? Vita vya pili vya dunia vilileta DDT. Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa tuzo ya Nobel. Baada ya hapo nani angehangaika kutwanga majani? Dawa ya kiwandani ilikuwa rahisi, ilikuwa na nguvu, na ilionekana kuwa ndiyo maendeleo yenyewe. Majani yakaachiwa mabibi.

Halafu mahindi nayo yakabadilika. Baada ya upungufu mkubwa wa chakula wa mwaka 1973 na 1974, serikali ilisukuma kilimo cha mahindi kwa nguvu zote. Bei ikawa moja nchi nzima, mkulima wa Songea akalipwa sawa na wa Morogoro ingawa lori lilitembea mbali zaidi kumfikia. Zikaja mbegu chotara na mbolea. Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika katika miaka ya 1980, mkoa wa Ruvuma ukawa miongoni mwa ile minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Tulijivuna, na tulikuwa na haki. Lakini angalia kilichotokea nyumbani kwa bibi. Mbegu mpya nyingi zilizaa sana, ila punje zao ni laini na maganda hayafunikii vizuri. Mavuno ya magunia arobaini hayaenei juu ya jiko. Ulezi ukarudishwa nyuma, ukabaki wa pombe na uji.

Mpango mzima ulikuwa umefumuliwa, kipande kimoja kimoja, na hakuna aliyegundua. Ndipo akaja Scania.

Mdudu huyu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, huko huko mahindi yalikotoka. Huko kwao ana maadui wake na hana makali sana. Kwetu alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na wataalamu wakamtambua rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inaaminika aliingia ndani ya shehena ya mahindi kutoka nje. Mwaka 1983 alishafika Taveta, Kenya. Serikali ilimwita dumuzi. Wakulima wakaona jina hilo jepesi mno, wakamwita Scania, kama yale malori mazito ya barabarani. Yaani hapiti kitu kikabaki.

Uchunguzi uliofanywa Tabora miaka ile ulikuta baadhi ya wakulima wamepoteza zaidi ya asilimia 30 ya uzito wa mahindi yao ndani ya miezi michache ya kuhifadhi. Ni wa ukoo wa wadudu watoboao miti. Anatoboa mahindi, muhogo mkavu, hata mbao za kihenge chenyewe. Na hapa ndipo elimu ya bibi ilipogonga mwamba. Ule ukavu uliomshinda fukusi haumshindi dumuzi, maana anazaliana hata kwenye punje zilizokauka sana. Na zile punje zilizoshikana kwenye gunzi, ambazo zilikuwa kinga ya zamani, kwake ni raha. Anapata mahali pa kukaza miguu anapotoboa.

Ndiyo maana ushauri ukabadilika kabisa. Mabwana shamba wakaanza kusema: usihifadhi na magunzi, pukuchua, changanya na dawa ya unga. Dawa iliyosambazwa, Actellic Super, ilikuwa na viambato viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi, kwa sababu kinachomuua mmoja hakikumtosha mwenzake.

Sasa sikiliza hili, maana mimi lilinishangaza. Kile kiambato cha dumuzi kinaitwa permethrin. Kilitengenezwa mwaka 1973 na kundi la Michael Elliott, kituo cha Rothamsted, Uingereza. Walikitengeneza kwa kuiga sumu iliyomo ndani ya ua. Ua gani? Pareto! Pareto hii hii inayolimwa Iringa, Njombe na Mbeya. Ukipanda basi kutoka Dar kuja Songea unapita Mafinga, kwenye kiwanda kinachokamua maua hayo. Sumu asilia ya pareto huharibika haraka juani. Wanasayansi wakaiiga, wakaifanya ivumilie mwanga. Kwa hiyo niliyoyaandika mwanzo, kwamba mmea ni wetu na dawa ya dukani ni yao, yalikuwa upuuzi. Vumbi lile la dukani ni mjukuu wa ua. Tofauti ni kwamba kuna watu walikaa na ua lile miaka mingi, wakalipima, wakajua kilichomo, kiasi gani, na kinaua nini.

Je, utupa haukupimwa? Umepimwa, na matokeo yake yananielekeza moja kwa moja kwenye magunia ya baba mdogo.

Kwanza, watafiti waliochunguza utupa wa Malawi, jirani zetu ng'ambo ya Ziwa Nyasa, walichapisha mwaka 2012 kwamba mmea huu una aina mbili zinazofanana kwa macho. Aina moja ina sumu. Nyingine haina kabisa, na ukiwawekea wadudu wa kunde hawadhuriki. Takriban robo ya sampuli zilizochukuliwa zilikuwa za aina hii ya pili. Yaani wakulima wanapeana mbegu kwa upendo, kumbe mmoja anampa mwenzake majani ya bure. Bibi hajasoma utafiti huo, lakini nilipomweleza alisema utupa wake ulitoka kwa mama yake, na kabla ya kuupanda ulijaribiwa mtoni. Samaki wasipolewa, unang'oa. Baba mdogo alichuma wa kando ya barabara.

Pili, kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, walijaribu unga wa utupa na wa Lantana camara dhidi ya fukusi wa mahindi mwaka 2003. Majani yalifanya kazi, lakini viwango walivyojaribu vilifika hadi kilo 10 za unga kwa kila kilo 100 za mahindi. Piga hesabu mwenyewe. Kwa magunia kumi na mawili ungehitaji zaidi ya kilo mia moja za majani makavu yaliyotwangwa. Baba mdogo alitwanga ndoo mbili.

Tatu, mdudu mwenyewe. Bibi alikuwa na kilo chache za maharage na mdudu wa maharage. Baba mdogo alikuwa na zaidi ya tani moja ya mahindi yaliyopukuchuliwa, na Scania. Hivyo ni vita viwili tofauti, na mimi mwandishi niliviweka kwenye sentensi moja.

Na kuna la nne ambalo wapenzi wa vya asili hatupendi kulisikia. Kitu kuwa cha asili hakimaanishi hakina madhara. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa rotenone kwa muda mrefu walipata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson. Umoja wa Ulaya uliiondoa rotenone kwenye viuatilifu vinavyoruhusiwa mwaka 2008. Simaanishi maharage ya bibi yatakuua. Huharibika kwa mwanga na joto, na bibi huyapepeta, huyaosha mara mbili, huyachemsha nusu siku. Lakini anayetwanga majani bila kufunika pua anajidhuru, na hilo linapaswa kusemwa.

Ukinisikiliza juu juu utadhani naponda dawa za mimea. Hapana. Baba mdogo aliponunua dawa ya dukani miaka ya nyuma, mara moja aliuziwa unga uliokwisha nguvu kwenye duka ambalo silitaji, na Scania akala vilevile. Kwa mkulima mwenye debe tatu za maharage, majivu na utupa wenye sumu ya kweli ni kinga nzuri kuliko pakiti isiyojulikana ilikaa wapi na miaka mingapi. Nachopinga ni ule uvivu wetu wa aina mbili. Uvivu wa kwanza ni wa anayesema mambo ya mabibi ni ya kishamba, tuyaache. Uvivu wa pili ni wa anayesema mambo ya mabibi ni maajabu, tuyasifu. Wote wawili hawajamuuliza bibi. Mimi nilikuwa wa kundi la pili, na niliona fahari.

Hata mwarobaini, ambao vijana wa mjini tunautaja kila tunaposikia neno dawa ya asili, unastawi zaidi kwenye joto la pwani na nyanda za chini kuliko baridi ya huku kwetu. Asili yake ni bara Hindi. Kumshauri mkulima wa Songea ategemee mwarobaini bila kuangalia kama anao ni sawa na kumwandikia mgonjwa dawa ambayo haipo hospitalini.

Leo baba mdogo anatumia mifuko ya PICS, ile yenye tabaka tatu inayofungwa kabisa, hewa isiingie. Mdudu anamaliza hewa iliyomo, anashindwa kula na kuzaa. Hakuna jani wala vumbi. Ilibuniwa kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kameruni, ikasambaa Afrika. Na serikali imejenga maghala makubwa ya chuma ya kuhifadhi nafaka, Songea ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyochaguliwa. Unajua yanaitwaje kwenye taarifa rasmi? "Vihenge vya kisasa." Nilipomsomea bibi alitabasamu. Angalau neno wamelirudisha, akasema.

Maharage yake bado anayaweka na utupa. Mwaka huu nilikaa naye siku nzima akinionyesha: majani yachumwe kabla mmea haujatoa mbegu, yaanikwe kivulini, jua lisiyaguse, yatwangwe laini hadi yapite kwenye chekeche, yachanganywe na majivu, chungu kizibwe. Safari hii nilikuwa na daftari, na niliuliza kila hatua kwa nini. Mara nyingi alikuwa na jibu. Mara mbili alisema, "Hilo sijui, tulikuta hivyo." Nimeyaandika yote, pamoja na hayo mawili ya "sijui", maana huenda ndiyo yatakayomsaidia kijana wa maabara kuliko ninayoyajua.

Ada ya mdogo wangu nililipa mimi. Nayo ilikuwa shule, kwangu pia. Wewe unayesoma, kama una bibi aliye hai huko kwenu, mwaka huu usimpelekee kanga peke yake. Mpelekee na swali.